Ziwa hupumzishwa, mgongo hapana

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki na dagaa wapate nafasi ya kuzaliana. Kigoma nzima habari ikawa hiyo. Kwenye mwalo wa Kibirizi vichanja vya kuanikia vilibaki vitupu, na mama yangu mdogo, anayeanika dagaa tangu mimi sijaanza shule, akapata wazo. "Ziwa linapumzishwa," akasema, "na mimi nitaupumzisha huu mgongo." Akaupumzisha kweli. Maji alichotewa na wajukuu, uwanja ukafagiliwa na wengine, mchana akashinda amejilaza. Agosti ziwa likafunguliwa, akarudi mwaloni, na asubuhi ya siku ya nne akashindwa kuinuka kitandani.

Ndugu tukagawanyika. Wapo waliosema hakupumzika vya kutosha. Wapo waliosema ni figo. Jirani akasema ni UTI, maana siku hizi kila kitu ni UTI. Hospitali wakampima, wakampa dawa za maumivu, wakamwelekeza fiziotherapia. Huko akaonyeshwa mazoezi na kupewa karatasi yenye michoro minne ya kimtu cha vijiti: kimelala chali, kimepiga magoti, kimeinua makalio, kimenyoosha mkono na mguu. Karatasi hiyo niliikuta wiki tatu baadaye chini ya godoro, imekunjwa mara nane, pembeni ina alama ya kidole chenye mawese.

"Mama mdogo, haya mazoezi unayafanya?"

"Niliyafanya. Hayasaidii."

"Uliyafanya siku ngapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele za watu. Siku tano.

Nadhani mazungumzo kama haya yanafanyika katika nyumba nyingi, kuanzia Ujiji hadi Kasulu, na karibu kila mara yanaishia kwa mgonjwa kuitwa mvivu. Mama yangu mdogo huamka saa kumi usiku kupokea mitumbwi. Uvivu haumo kwake. Kilichokosekana ni maelezo: hakuna aliyemwambia mazoezi yale yanafanya nini ndani ya mwili, yanachukua muda gani, na yatakaa wapi katika siku yake ambayo imeshajaa.

Tuanze na maneno yenyewe. Fiziotherapia, ambayo wengine huiita mazoezi tiba, ni matibabu yanayotumia mwendo wa mwili wako mwenyewe. Mtaalamu anakutazama unavyoinama, unavyotembea na unavyonyanyua kitu, kisha anakupangia mazoezi ya kurudisha nguvu na wepesi. Anaweza pia kukukanda au kukunyoosha kwa mikono yake, lakini sehemu kubwa ya tiba inafanyika nyumbani kwako, yeye hayupo. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu tumezoea tiba ya kupewa. Sindano unachomwa, unaondoka, inafanya kazi yenyewe hata ukilala. Fiziotherapia inafanana zaidi na kufundishwa baiskeli: mwalimu anakushikia kiti siku mbili tatu, kilomita zilizobaki unazipiga mwenyewe.

Maumivu ya mgongo yakipita miezi 3 huitwa sugu. Na kuna maneno mengine ya daktari ambayo humkatisha tamaa mgonjwa: kwamba maumivu yake "hayana chanzo mahususi". Wengi husikia kama wameambiwa wanajifanya. Maana yake ni kwamba hakuna mfupa uliovunjika, hakuna uvimbe, hakuna maambukizi, hakuna kitu kimoja cha kunyooshea kidole na kusema ndicho hiki. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 90 ya maumivu ya kiuno yako kundi hili, na kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu hiyo. Maumivu ni ya kweli kabisa. Ni kama paa linalovuja bila tundu unaloweza kuliona: misuli imelegea kidogo, usingizi mbaya, kazi ya kuinama, hofu, mawazo ya ada ya mtoto, na vyote vinachangia.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Katikati ya nyingi ya hizo kuna diski, yaani mto mgumu wenye utelezi ndani. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ya kuilisha. Chakula chake kinapenya taratibu kutoka kwenye mifupa ya jirani, na mwendo husaidia majimaji kuingia na kutoka. Fikiria dodoki la kuoshea vyombo: ukilibana na kuliachia linapitisha maji, ukiliacha juu ya sinki siku nzima linakauka. Kuzunguka pingili hizo kuna misuli, na misuli ina tabia moja inayojulikana. Usipoitumia, inapungua.

Kwa hiyo mlinganisho wa mama mdogo ulikuwa mzuri ila uligeuzwa. Ziwa likiachwa, dagaa wanaongezeka. Mgongo ukiachwa, kilichomo kinapungua. Miezi mitatu ile alikuwa anapunguza nguvu yake kila siku, kisha akarudi kwa mkupuo kwenye mabeseni yaleyale aliyoyabeba Mei.

Hili la kulala limechunguzwa. Mwaka 1995 watafiti wa Helsinki, Ufini, waliwagawa wafanyakazi wa jiji waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno: wengine walale kitandani siku 2, wengine wafanye mazoezi ya mgongo, wengine waendelee na shughuli za kawaida kadiri wanavyoweza. Waliopona haraka ni wale walioendelea na maisha, na waliochelewa zaidi ni waliolala. Hata mazoezi maalumu hayakuwashinda waliobaki na shughuli zao. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaotoka kwenye kosa moja kuingia jingine: mgongo umeuma jana, leo wanataka kuuvunja kwa mazoezi. Siku za mwanzo inatosha kutoshinda kitandani, kutembea kidogo kidogo, kufanya kazi nyepesi. Mazoezi ya kupangiwa nguvu yake inaonekana maumivu yanapokuwa sugu.

Nguvu hiyo ni ya kiasi gani? Hapa lazima tuwe wakweli, maana ahadi kubwa ndizo zinazowafanya watu waache. Mapitio makubwa yaliyotolewa mwaka 2021, yaliyokusanya tafiti 249 za mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, yaliona kuwa mazoezi hupunguza maumivu kwa wastani wa pointi 15 hivi kwenye kipimo cha 0 hadi 100, ukilinganisha na kutofanya chochote au kupata huduma ya kawaida. Si muujiza. Mtu aliyeahidiwa kuwa "baada ya wiki mbili utasahau kama uliwahi kuumwa" ataona amedanganywa. Mtu aliyeambiwa kwamba mwezi wa pili ataweza kuketi kwenye mtumbwi hadi Mwamgongo bila kushuka amejikunja, huyo ana kitu cha kusubiri.

Na hizo wiki zina sababu. Mwanzoni mwa mazoezi, kinachobadilika zaidi ni ubongo na neva kujifunza kuitumia misuli iliyopo. Misuli yenyewe kukua vya kuonekana inahitaji wiki sita, nane, hata zaidi. Dawa ya malaria imetuzoesha kuhesabu siku tatu. Mama mdogo alizidisha akafika tano, akaona amekuwa mvumilivu sana.

Halafu kuna maumivu ya mazoezi yenyewe, na hapa ndipo wengi wanaachia. Siku ya pili mwili wote unauma. Mgonjwa anawaza: nimekuja kutibiwa mgongo, sasa hata mapaja yanauma, hawa watu wananiharibu. Misuli isiyozoea ikifanyishwa kazi huuma kuanzia siku inayofuata, siku ya pili ndiyo mbaya, kisha yanakwisha. Hayo si madhara. Kipimo ambacho wataalamu wengi huwapa wagonjwa ni hiki: maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi na kurudi yalipokuwa ndani ya saa 24, endelea. Yakibaki juu hadi kesho yake, punguza idadi. Yakishuka mguuni zaidi kuliko mwanzo au yakaja na ganzi, simama na urudi kwa mtaalamu.

Kwa nini mgongo uume na hakuna kilichoharibika? Mfano wangu ni mbwa wa nyumbani. Mbwa akiona mwizi anabweka, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini nyumba ikishaibiwa mara moja, mbwa anaanza kumbwekea muuza maandazi, mtoto wa jirani, hata karatasi ya plastiki inayopeperushwa na upepo. Kubweka ni kwa kweli, mwizi hayupo. Mfumo wa maumivu uliokaa kwenye tahadhari kwa miezi nao hupiga kelele kwa jambo dogo kama kuokota kijiko. Ukimfungia mbwa ndani hataacha kubweka. Ataacha ukimpitisha taratibu mbele ya wale wale anaowabwekea, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka aone hakuna kinachotokea. Mazoezi yanafanya hivyo, na ndiyo maana yanaanza na mambo yanayoonekana ya kitoto.

Sasa niseme habari ya picha, kwa sababu imewatia watu wengi hofu. Mtu anapigwa eksirei au MRI, anaambiwa "pingili zimesagika" au "diski imetokeza", na kuanzia siku hiyo anatembea kama amebeba trei ya mayai. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na dalili za kuchakaa kwa diski. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 96. Watu hawa hawakuwa wanaumwa. Kuchakaa huko ni kama mvi na makunyanzi, ila kwa ndani. Hata diski iliyotokeza kweli na kubana neva, mara nyingi hupungua yenyewe kwa wiki au miezi, na wengi hawafiki kwenye upasuaji.

Figo? Inaweza kuuma mgongoni, kweli, lakini mara nyingi huja na homa au shida ya mkojo, na haijali umeinama au umesimama. Ngiri, ambayo wanaume wetu huitwisha kila maumivu ya kiuno, ni utumbo kupenya kwenye sehemu dhaifu ya tumbo au kinena. Matangazo ya dawa zinazotibu "ngiri, mgongo na nguvu za kiume" kwa chupa moja yana faida kwa muuzaji. Mkanda wa kiuno nao, ule wa kufunga kwa gundi ya kubandua, haupendekezwi katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kwa maumivu sugu. Na godoro gumu kama ubao: utafiti wa Uhispania wa mwaka 2003 ulikuta waliolalia godoro la ugumu wa kati wanapata nafuu zaidi kuliko waliolalia gumu kabisa.

Lakini dhana iliyo ngumu kuliko zote hapa kwetu haihusu ugonjwa. Ni hii: "Mimi nashinda nafanya kazi ngumu, mazoezi gani tena?"

Mama mdogo aliniambia hivyo na mwanzoni sikuwa na jibu. Mtu anayebeba mabeseni ya dagaa, anayeinama kuwageuza juani, anayetembea mchangani, umwambie alale chini ainue makalio mara kumi? Mvuvi anayevuta wavu usiku kucha? Kijana anayesukuma mti wa mtambo wa kusaga mawese akizunguka kama ng'ombe? Mazoezi yanaonekana ni mambo ya watu wa ofisini wenye vitambi.

Nikamtazama akifanya kazi asubuhi moja, na nikaona. Kwa muda wa saa nzima aliinama kwa namna ileile, upande uleule, mkono wa kulia ukitawanya dagaa na wa kushoto umeshika goti. Hakunyooka hata mara moja kwenda nyuma. Beseni lilipandishwa kila mara kwa bega la kulia. Kazi inautumia mwili kwa njia moja, mara elfu, na inapanga yenyewe uzito na muda: mtumbwi ukija umejaa hakuna wa kusema leo nabeba nusu. Zoezi linautumia mwili kwa njia zile ambazo kazi imezisahau, kwa uzito unaouchagua, na linaacha nafasi ya kupumzika katikati. Jembe linalolimia udongo mmoja kila siku linaisha upande mmoja. Hakuna anayelinoa kwa kulima zaidi.

Nilipomweleza hivyo alicheka. "Kwa hiyo mimi ni jembe." Lakini alisikiliza.

Kuhusu kuacha, mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba hata katika nchi zilizoendelea, wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaofuata matibabu yao kama walivyoelekezwa ni nusu tu kwa wastani. Hiyo ni nusu kwa watu ambao wengi wao hawalipi bodaboda kwenda hospitali wala kusubiri boti kutoka Kagunga. Watafiti waliochunguza fiziotherapia wamekuta wanaoacha zaidi ni wale ambao maumivu yanaongezeka wakati wa zoezi, wasioamini kwamba wataweza, wenye huzuni au wasiwasi, na wasio na mtu wa kuwashika mkono nyumbani. Hakuna kati ya hayo linalotibika kwa kumfokea mtu.

Ningeongeza moja ambalo sikuliona kwenye maandishi ya wataalamu: aibu. Nyumba ya vyumba viwili, watoto, wakwe, mpangaji. Mwanamke mtu mzima alale chali kwenye mkeka ainue kiuno juu, mlango ni pazia. Mama mdogo hakuniambia hili mpaka nilipouliza kwa mzunguko. Siku ya tano ya mazoezi yake mjukuu aliingia, akacheka, akaenda kuwaigizia wenzake uani. Zoezi likaishia hapo. Wanaume ndiyo kabisa. Sijui ni wangapi wameacha tiba kwa sababu ya mlango usiofungika, na hawatasema hospitali.

Anayetaka kumsaidia ndugu yake ashike mazoezi aanzie huko basi, kwenye mlango. Kuna mahali? Kama hakuna, yapo mazoezi ya kusimama: kuegemea ukuta na kushuka nusu, kushika fremu ya mlango na kujinyoosha nyuma, kuinuka na kuketi kwenye kiti mara kumi bila kushika. Mtaalamu akiambiwa "nyumbani sina pa kulala chini" atabadilisha, lakini lazima aambiwe. Na kama karatasi ya vijiti haieleweki, ombeni ruhusa mumrekodi mgonjwa mwenyewe kwa simu akifanya mbele ya mtaalamu, sauti ya maelekezo ikisikika. Kujiona ni rahisi kuliko kumsoma kimtu cha vijiti.

Pili, michoro minne ni mingi. Tulirudi na mama mdogo, tukamweleza mtaalamu ukweli, naye hakukasirika. Akachagua mazoezi mawili na kutembea. Mawili yanayofanyika yanazidi kumi yaliyo chini ya godoro. Kutembea nako kusidharauliwe. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2024 uliwafuata watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Nusu walipangiwa kutembea, wakipanda taratibu hadi kufika dakika 30 mara tano kwa wiki, pamoja na kuelimishwa. Kwa waliotembea, maumivu yalichukua siku 208 hivi kurudi. Kwa wasiopangiwa kitu, siku 112. Kutoka Mwanga kwenda Ujiji watu wengi hupanda bajaji kwa umbali ambao mgongo ungeushukuru, angalau nusu yake.

Tatu, zoezi lisipewe saa, lipewe jirani. "Saa kumi na mbili jioni" haimaanishi kitu kwa mtu ambaye jioni yake inategemea mtumbwi na jiko. Lakini kila siku lazima kuna swala ya alfajiri, kuna chai inayochemka, kuna maji ya kuoga yanayosubiri kupoa. Zoezi likibandikwa baada ya jambo ambalo halisahauliki, nalo huanza kutosahaulika. Mama mdogo alichagua baada ya alfajiri, mkeka ukiwa tayari umetandikwa na watoto bado wamelala.

La nne ni lile lililoniumiza kichwa, na hakuna karatasi ya hospitali iliyolitaja: mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Usiku wa giza taa inawavuta. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi hukaa siku kadhaa bila kutoka. Kwa hiyo kazi ya mwaloni haifuati Jumatatu na Ijumaa, inafuata mwezi. Maelekezo ya "mara tatu kwa wiki, kila wiki" yanavunjika giza linapoingia, kwani hapo mtu anapata usingizi wa saa nne tu. Tukapanga upya: siku za mbalamwezi ndizo za kuongeza, mazoezi mawili kamili na kutembea, siku za giza ni zoezi moja tu, mara tano, hata kama ni kwa kusinzia. Mtaalamu alipoambiwa akasema hajawahi kupanga kwa mwezi, ila haoni ubaya.

Kuhusu siku za kukosa, lugha niliyoipata ni ya kikoba. Mama mdogo yumo kwenye kikundi cha kununua hisa kila wiki. Ukikosa wiki moja unalipa faini, unacheka, unaendelea. Hakuna anayekosa wiki moja akajitoa na kuziacha hisa zake zote. Ila kwenye mazoezi tunafanya hivyohivyo: siku mbili zikipita, mtu anasema nimeshaharibu. Hisa zako zipo. Na siku ambayo mgongo umeamka mbaya, maana itakuja, si siku ya kuvunja kikundi. Punguza iwe nusu, tembea hadi kwa jirani na kurudi.

Na kuchuliwa? Wengi wa wataalamu wakali wangetaka kuwakataza, mimi naona ni kupoteza rafiki. Mwongozo ule wa 2023 umeutaja ukandaji kati ya tiba zinazoweza kutolewa. Nafuu yake ni ya muda, basi itumieni hiyo hiyo: binti akimaliza kumchua mama kiuno kwa mafuta ya nyonyo, misuli ikiwa na joto, hapo hapo afanye zoezi lake. Shida inakuja pale kuchuliwa kunapokuwa tiba yote, kila Jumamosi, mwaka wa nne. Dawa za maumivu kama diklofenaki vivyo hivyo. Za siku chache kwa maelekezo ya daktari zinaweza kumpa mtu nafasi ya kusogea, ila kuzinunua dukani mwezi hadi mwezi ni kuwekea tumbo vidonda na figo mzigo.

Kuna hali ambazo hazisubiri zoezi lolote. Mkojo au choo kuziba au kutoka bila kujua, ganzi kwenye sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, miguu kuishiwa nguvu: hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yenye homa, jasho la usiku na kupungua uzito yanaweza kuwa kifua kikuu, ambacho hushambulia hata pingili, na matibabu yake Tanzania ni bure. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi asichuliwe kabla ya kupigwa picha. Mwanaume mtu mzima mwenye shida ya mkojo na maumivu ya mgongo yanayozidi usiku achunguzwe tezi dume. Aliyewahi kuugua saratani yoyote aseme mapema.

Nyuma ya mlango wa chumba cha mama mdogo sasa kuna mistari ya mkaa, mmoja kwa kila siku aliyofanya. Komeo jipya lilinigharimu pungufu ya nauli ya kumpeleka na kumrudisha hospitali mara moja. Wiki iliyopita nilisimama kuihesabu. Mitano, pengo, mitatu, pengo pana la siku nne, kisha sita mfululizo.

"Hapa?" nikaonyesha pengo pana.

"Hapo lilikuwa giza kweli, mwanangu. Mitumbwi ilirudi inazama kwa dagaa."

"Na hili dogo?"

"Hilo nilisahau tu."

Akatandika mkeka, akakaa, akaanza kukunja magoti, kisha akakumbuka nipo. Akaniambia nitoke nifunge mlango.